Wiki ya Uwazi Katika Idara ya Mabweni

Idara ya Mabweni, tawi la mji wa Labasa, iliona fahari kuutangazia umma kwamba tovuti yake sasa ni ya uwazi kamili. Tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na mihuri mitatu, na chini yake: "Sisi sote ni ukoo mmoja."

Asenaca alilisoma mara mbili. Shule aliishia darasa la sita, lakini kwa kusoma hakuwa wa kuchezewa. Tangu Jumatatu alikuwa akifungua kwa simu ukurasa wa maombi ya bweni kwa ajili ya bintiye Litia, na badala ya fomu yakamwagika maandishi ya kompyuta, mabano yamesongamana kama nyavu. Leo ni Ijumaa, na saa kumi maombi yanafungwa. Bila bweni, Litia atavuka mto kila asubuhi kwenda sekondari, na mto ule mvua ikinyesha hauna adabu. Mwenye mtoto haangalii mihuri; huangalia mawingu.

Akapanga foleni na kina mama wengine; dirishani alikaa Jagdish, fundi wa idara.

"Kaka Jagdish, kompyuta yenu imelewa?"

"Haijalewa, dada. Seva ya mbele ni mhudumu, programu ya Java ndiyo mpishi, na moduli ya kuwaunganisha ni mlango wa jikoni. Mlango umefungwa. Sasa mhudumu anawaletea watu karatasi ya mapishi badala ya chakula."

"Si uufungue!"

"Kuna alama ya reli, hii #, mbele ya mstari mmoja, nayo imeuzima. Nikiifuta nikawasha seva upya, dakika mbili kwisha. Ila kufuta ni kazi ya Kamati ya Alama."

"Nayo iko wapi?"

Jagdish akaonyesha kwa kidevu chumba cha ndani. Kamati haijadili neno kabla bakuli la yaqona, kinywaji chao cha mizizi, halijakauka, na tangu Jumatatu lilikuwa halijakauka.

Mkurugenzi, Bwana Draunibaka, akatoka akifuta midomo.

"Kina mama, mnalalamika nini? Ofisi gani nyingine imewaonyesha matumbo yake? Someni! Tena kwa sauti!"

Asenaca akasoma kwenye simu. Mabano, mabano, kisha mahali ambapo mtengeneza ukurasa alijiandikia kumbukumbu kwa lugha ya watu:

"Agizo la Mkurugenzi. Akijaza ukoo wa Draunibaka, apewe nafasi papo hapo. Wengine wasubiri."

Nyuma yake mama mmoja akaguna, "Hee! Mapishi haya yana pilipili."

"Futa hiyo reli!" Mkurugenzi akamfokea Jagdish.

"Na Kamati, bosi?"

"Kamati ni mimi!"

Dakika mbili, fomu ikafunguka kwenye simu. Penye jina Asenaca akaandika Litia. Penye ukoo kidole kikasita. Akalitazama tena lile tangazo la mlangoni. Ofisi yenye mihuri mitatu haiwezi kusema uongo. Akaandika: Draunibaka. Mama wa nyuma akachungulia, akacheka, akaandika vilevile. Na wa nyuma yake.

Jumatatu bweni lilikuwa limejaa: nafasi arobaini, wote kina Draunibaka. Mpwa wa Mkurugenzi, aliyeomba dakika ya mwisho kwa kuwa hakuwa na wasiwasi, alikuwa wa arobaini na moja.

"Hawa si ndugu zangu! Wafute wote!"

"Kufuta ni kazi ya Kamati, bosi," alisema Jagdish kwa heshima zote, akamsogezea bakuli. Lilikuwa limejaa pomoni.