Pampu ya Mwanga na Umeme Mbele ya Prefe

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na wawili. Nawasimulia mwenyewe kabla mji wetu wa Kabambare haujawasimulia na kutia chumvi.

Mnanijua, nafundisha fizikia. Miezi mitatu sasa nahangaika na kitu kimoja: kusukuma maji bila pampu. Mfereji wenyewe ni mwembamba kama unywele, uko katikati ya vioo viwili. Unapitisha umeme, unamulika nukta moja kwa mwanga mkali, maji yanapata joto pale, umeme unayasukuma. (Ndiyo, umeme na maji. Mama yangu ananiombea kila siku.) Nikifaulu, siku moja tone la damu litapitishwa humo na kupimwa kule kule Salamabila, bila mgonjwa kupanda pikipiki kutwa nzima kuja hospitali.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alishasema: "Madame, nionyeshe maji inatembea, chumba cha nyuma ni chako. Isipotembea, tunaweka mahindi."

Basi. Asubuhi nikapanga vitu mezani ofisini kwake: vile vioo, betri, waya, tochi ya leza, simu niliyoibandika lenzi ndogo ya kukuza. Ndani ya maji nikatia unga wa makaa ili mwendo uonekane. Wazazi wa kamati wakajaa. Nikawasha.

Vichembe vya makaa vikaanza kutembea kwenye simu. Polepole, kisha mbio!

"Ee Mungu!" akasema mzazi mmoja. Prefe akapiga makofi. Nami nikaanza hotuba. (Kosa la kwanza. La pili, nikasema watu wa Kinshasa watakuja kujifunza hapa.)

Mama Salima wa kamati, muuza mafuta ya mawese sokoni, hakupiga makofi. Akainua mkono.

"Madame, zimisha kwanza."

"Nizimishe nini, mama?"

"Umeme na ile tochi. Tuone kama maji itasimama."

Nikatabasamu, kama mtu mwenye diploma. Nikazima.

Maji hayakusimama.

Yaliendelea vilevile, bila haya! Mama Salima akainama, akachungulia chini ya meza.

"Mguu moja iko mufupi. Meza imelala. Hata mawese yangu inatembea hivi, na haina betri!"

Prefe alicheka mpaka akavua miwani. Mzazi mmoja aliegemea ukuta. Mimi nilitafuta mlango kwa macho. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema: "Hakuna mutu kutoka!"

Nikakunja karatasi, nikaisukumiza chini ya ule mguu. Tukasubiri vichembe vitulie kabisa. Wazazi wengine wakaondoka zao, sikuwatazama. Mama Salima akapiga magoti, jicho kwenye simu kama hakimu. Nikawasha.

Hakuna kitu. Nikangoja. Jasho linashuka mgongoni.

Chembe moja ikasogea. Moja tu! Nikazima, ikasimama. Nikawasha, ikasogea.

"Sasa iko kweli," Mama Salima akasema.

Prefe akavaa miwani, akatazama muda mrefu. "Imetembea urefu gani?"

"Kama mbegu ya ufuta, prefe."

Akafikiri. "Nusu ya chumba. Nusu nyingine mahindi."

Nimekubali. Kesho nahamia, nitakaa na magunia. Na yeyote atakayeniita Madame Meza-Imelala akumbuke: mtihani wa mtoto wake nausahihisha mimi.