Plasta Yangu na Kidole cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Imetangazwa. Ijumaa wanakuja wakaguzi kuchagua plasta moja itakayojaribiwa hospitalini. Ama yangu, ama ya Miwani, mwenzangu wa meza ya pili maabarani, mwanamke anayesuuza kichupa mara tatu. Miaka sita sote tunabandua grafiti, ile nyeusi ya penseli, kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, mpaka ubaki utando wa unene wa atomu moja. Mimi nabandua haraka kuliko yeye. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Utando huo ukiwa ndani ya plasta, unapima majimaji ya kidonda. Kidonda salama, taa ya kijani. Kikianza kuoza, nyekundu. Miwani ataleta grafu ya maji ya chumvi kwenye kisahani. Mimi nitaleta ya mtu. Kanuni zinakataza kumbandika mtu yeyote bila kibali. Nimezisoma mara mbili. Mama hakutajwa popote.

Jumanne, 4 Machi
Mama ana sukari, na kidonda kwenye kidole cha pili cha mguu wa kushoto, wiki ya tatu sasa. Dada alikwishapanga kumpeleka kliniki kesho. Nimemwambia aahirishe. Kliniki wanatazama kwa macho tu, mimi nina atomu. Dada kanikazia macho. Mama akasema mwache mwanangu, amesoma. Nikabandika.

Dakika ya nne, nyekundu. Nikabandika nyingine. Nyekundu. Ya tatu, vilevile. Selotepu ya safari hii tumenunua duka jipya, nitalalamika.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka na jibu. Plasta hufundishwa kwanza kidonda salama kikoje. Hapo ndipo tunapopaita sifuri. Mimi niliifundisha kwa maji ya maabara, na Mama si maji ya maabara. Basi nimeifundisha upya, kwa kidonda chake mwenyewe. Imewaka kijani na kubaki kijani kutwa. Grafu imenyooka kama rula. Mama kafurahi kuniona nimefurahi. Chai kaiacha nusu, anasema anasikia baridi. Ni hali ya hewa.

Nimemwonyesha Miwani grafu, si kwa kumringia, ila ajue tu. Akauliza sifuri nimeiweka wapi. Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akasema ikiwa imewaka nyekundu mara tatu basi nimpeleke mtu huyo kwa daktari leo hii. Wivu unamtafuna, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Kijani. Mama hajala. Kidole kinatoa harufu, nimefungua dirisha. Mtu asiye na kifaa angeogopa. Dada kapiga simu kuuliza hali, nikamtumia picha ya taa.

Ijumaa, 7 Machi
Wakaguzi wameipenda. Mmoja wao, mzee mwenye mvi, kasema hajawahi kuona kidonda kilichotulia namna hii. Nilikuwa bado nimesimama mbele yao dada alipopiga. Nikakata. Akapiga tena. Mama ameanguka bafuni, homa imempanda, yuko naye njiani kwenda hospitali. Nikamalizia maelezo yangu, dakika tano tu. Hizo dakika tano sijui nitazificha wapi.

Jumapili, 9 Machi
Wamekikata kidole. Daktari anasema Jumanne kingepona kwa dawa. Tunakaa benchi moja na dada, kanipa mgongo. Mama alipozinduka alinishika mkono akauliza kama plasta ilishinda. Nikalia mbele ya wodi nzima. Hata sasa nalia, na ukurasa umelowa.

Miwani alikuja na chupa ya chai. Hakusema kwamba alinionya. Alimmiminia dada kwanza, kisha mimi. Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejihoji usiku kucha. Ukweli mchungu ni huu: plasta ilijua tangu dakika ya nne. Ikasema mara tatu, mimi nikaifunga mdomo. Nimeona aibu. Kisha, nikiri, nimeona fahari, maana hakuna mashine katika hospitali hii ambayo ingejua mapema kiasi hicho. Kosa ni langu, kifaa hakina kosa. Nimeapa sitaichezea sifuri tena.

Sasa Mama ana kidonda kipya, kimeshonwa na mtaalamu, kisafi kabisa. Nafasi ya namna hii sitaipata tena, na nina plasta moja mfukoni, imefundishwa kwa maji ya maabara kama inavyotakiwa. Nesi kakataza mtu kugusa bandeji. Nilisubiri atoke. Mama akaniona, akanisogezea mguu mwenyewe.

Dakika ya nne, nyekundu.

Nikatazama dari. Taa za wodi hii ni zile ndefu zinazopepesa, na mwanga wa kupepesa unauvuruga sana utando. Mama kalala, mikono yake ya moto kidogo. Nimeisogeza sifuri, kidogo tu.