Akina Waruguru, Kiti Kimoja

Jumatatu, 11 Agosti
Madam Lorna, mwalimu wetu wa kompyuta, atachagua mmoja wa kwenda na Linet kwenye mashindano ya hifadhidata Bungoma. Ni mimi au binamu yangu Ngari. Linet! Tangu kidato cha kwanza nimempa salamu ya neno moja tu: "Sasa." Na alikuwa ameshapita.

Mpango: Jumamosi nyanya yetu, Cucu Waruguru, anatimiza miaka themanini hapa Kibomet. Madam na Linet wamealikwa. Hifadhidata yangu itampa kila mgeni kiti na chakula chake. Ngari akome!

Jumatano, 13 Agosti
Madam amepitia kazi. Ati kila mgeni nimpe nambari yake. Kwani ni ng'ombe? Jina linatosha. Ati pia nitenganishe majedwali, watu huku, vyakula kule. Nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu. Lakini moyoni: kugawa jedwali ni kama kugawa shamba. Huleta kesi.

Ijumaa, 15 Agosti
Kompyuta inakataa! Ati Waruguru tayari yuko. Kweli, kila mtoto wa Cucu amemzalia Waruguru wake. Jina la nyanya haliachwi. Nikaiamuru: ukikuta jina lipo, futa habari za zamani, weka mpya. Imetii bila kelele. Mimi ni moto!

Wa mwisho kuingia: Waruguru wa Shangazi Wamboi. Ana miezi kumi.

Jumamosi, 16 Agosti
Aibu! Akina Waruguru wote, kiti kimoja. Cucu alipotaja jina mlangoni, Mjomba Muturi akasoma kadi niliyoitoa kwenye hifadhidata, akampeleka kwenye kiti cha mtoto. Mbele yake, ndizi za kuponda. Cucu akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ni nani amezika meno yake na yeye bado yuko hai.

Ngari akaokoa jahazi. Akawabandika nambari akina Waruguru, kila mmoja yake, wakala. Madam akampa mkono.

Linet alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanitazama! Nikasema, "Sasa." Nikiangalia ndizi.

Jumapili, 17 Agosti
Ngari ndiye wa Bungoma. Cucu amesema nisiguse hata orodha ya kuku wake.

Lakini kosa nimeliona, bana. Majina hurudiwa! Kuanzia leo, kila mtu atatambuliwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ni yako peke yako.

Nitaanza na ubatizo wa mapacha wa Mjomba Muturi.