Mkono Wangu Kwenye Ukuta wa Wakwe

Jamani, leo heshima yangu nimeiacha Mulekera, huko Beni, ukutani, na rangi bado mbichi. Nawaandikia haraka kabla wenye cyber hawajazima jenereta.

Asubuhi nilikuwa Butembo, darasani. Somo: michoro ya watu wa kale kwenye mapango. Mnajua ninavyolipenda. Kanuni ya kwanza niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: eleza unachokiona kabla ya kusema maana yake. Kisha tukafika kwenye mikono. Kuna mkono uliochovywa rangi na kugandamizwa mwambani. Na kuna ule mtamu zaidi: mtu anaweka kiganja mwambani, anapuliza rangi kwa mdomo pande zote, na akikiondoa, umbo la mkono linabaki tupu katikati ya wekundu.

Mwalimu mwenye akili angechora ubaoni. Mimi nilijaza mdomo udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji na mawese kidogo (mawese ni wazo langu, msiwasingizie watu wa kale). Nikapuliza. Mkono ukatokea! Darasa likapiga makofi. Nikapuliza wa pili. Nikapuliza wa tatu.

Saa sita nikakumbuka kwamba natakiwa Beni. Mpwa wangu Kambale anamposa Masika, na mimi ndiye msemaji wa familia. Nikasukutua mbio mbio, nikavaa koti, nikapanda pikipiki. Kioo sikutazama.

Kwenye kizuizi askari akanisimamisha. Nikatabasamu vizuri, kama mtu asiyetaka matatizo. Akanitazama mdomoni, akarudi nyuma hatua mbili, akateremsha kamba.

"Papa, pita. Pita mbio."

Tangu vita vianze sijawahi kupita pale bure! Nikajiambia, ni hili koti.

Kwa wakwe nilianza kwa ufasaha. Nilikuwa nimefika kwenye mbuzi wa mahari wakati vumbi la njiani liliponikaba. Nikakohoa. Nikatoa leso nyeupe. Leso ikawa nyekundu.

Baba yake Masika akasogeza kiti chake nyuma.

"Papa," akaniuliza kwa upole, "unakohoaka hivi tangu wakati gani?"

Akaeleza kwamba hawana neno na Kambale, lakini kifua kikuu hakiingii nyumbani peke yake, kinakuja na ukoo. Afadhali mazungumzo yangoje mpaka familia yetu yote ipite kwa daktari. Kambale akafumba macho. Alikuwa amengoja miaka miwili njia itulie ili aje kuposa, na mjomba wake alikuwa anamharibia kwa kijiko cha udongo.

"Haiko damu," nikasema. "Ni udongo. Wa somo."

(Isomeni hiyo kwa sauti, muone inavyosadikika.)

Nikawafafanulia kwamba walichokiona ni wekundu tu, damu ni tafsiri. Hakuna aliyetoa daftari kuandika.

Basi ikabaki kuonyesha. Nikaomba udongo na maji, tukatoka wote hadi ukuta wa jiko, ambao walikuwa wameupaka chokaa juzi kwa heshima yetu. Msemaji wa familia, koti na tai, mashavu yamevimba kwa matope. Kiganja ukutani. Nikapuliza. Wa kwanza ukatiririka chini wote. Wa pili ukatoka, vidole vitano, safi kabisa! Nikageuka, kidevu kikichuruzika, nikingoja makofi.

Koko, bibi yake Masika, alikuwa ameketi pembeni akimenya mihogo. Akainuka taratibu. Akachovya kiganja kwenye bakuli langu, akakigandamiza ukutani kando ya mkono wangu, mara moja, akajipangusa kwa jani la mgomba.

"Mwalimu," akasema, "hao batu ba zamani, habakukuwaka na mikono?"

Nilitaka kumjibu kwamba aina zote mbili zipo, nimefundisha asubuhi hii hii. Mdomo ulikuwa bado umejaa. Kambale ndiye aliyeanza kucheka, kisha baba mkwe, na mtu anayecheka vile hawezi tena kurudisha kiti nyuma.

Posa imekubaliwa. Wameongeza kwenye mahari chokaa ya ukuta mmoja, na wameomba siku ya kuleta mbuzi tutafute msemaji mwingine. Mikono miwili haitafutwa mpaka arusi ipite.

Mkikutana na wanafunzi wangu, nawasihi, msiwaambie kwamba wa koko umetoka vizuri kuliko wangu.