Vita vya Hamuza na Kutu, Vilivyopiganwa Juu ya Shimo la Bibi Harusi

Sogeeni, enyi mlioketi na mlioegemea, na wewe uliyejifanya umelala ili usitumwe kuni! Nyamazisheni vijiko, fungieni kuku, kwa maana leo nalitaja jina la Hamuza bin Farajala, simba wa barabara ya Koboko, mbeba chumvi, mume wa mke mmoja anayemwogopa, aliyeikaba kutu koo mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano. Wazushi wanasema alisaidiwa na mkewe. Ni kweli, lakini ngojeni.

Ilikuwa Agosti, mwezi ambao mvua ya Arua hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mwaka ule sukari ilisimuliwa zaidi kuliko ilivyonywewa, vipuri vya magari vilikuwa hadithi tupu, na chumvi ikifika sokoni ilipokelewa kwa vigelegele. Chumvi hiyo ndiyo aliyoibeba Hamuza katika pikapu yake ya kijani, gunia juu ya gunia, mpaka Koboko. Nayo, ikilowa mvua, ilichuruzika kupitia mbao za bodi, ikashuka kimyakimya kuila fremu, uti wa mgongo wa chuma ulioshikilia gari zima. Pikapu ya jirani yake Kenyi ilikuwa imekwisha kukatika vipande viwili pale Kuluba: kichwa kikafika sokoni na dereva wake, kiwiliwili kikabaki njiani na magunia. Sasa Kenyi alichukuza mihogo kwa baiskeli, tena ya kuazima.

Hamuza akalala chali matopeni, akachungulia chini ya pikapu yake, akaona wekundu, akalia. Sioni haya kuwaambia. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake, na Ijumaa ya wiki ile ilipaswa kumpeleka Medina, binti wa dada ya mkewe, kwa bwana harusi huko Koboko.

Akamwendea Constantino, fundi aliyevuka kutoka Sudan, mwenye debe la oili chafu iliyomwagwa kutoka injini za watu. Shujaa akasimama mlangoni, burashi mkononi, akahutubu.

"Constantino, ndugu yangu! Mimi Hamuza, mtoto ya askari, mjukuu ya askari, sijakimbia mutu. Leo mimi iko hapa na silaha. Lete oili, tupake hii adui mpaka akufe!"

Constantino akajifuta mikono taratibu. "Mzee Hamuza, sikia. Hii chuma iko na maji na chumvi. Ukipaka oili juu ya maji, unafungia adui ndani ya nyumba, halafu unamupatia kitanda. Osha chumvi yote. Kwangua kutu. Halafu chuma ikauke kabisa. Siku mbili ya jua."

"Jua iko wapi?"

"Hiyo uliza Mungu."

Basi akaosha, akakwangua kwa tindo na msasa hata ndevu zake zikawa nyekundu kama za haji aliyepaka hina. Mvua ikanyesha. Akafuta, ikanyesha tena. Siku ya tatu chuma kikaanza wekundu upya, na Hamuza akaacha kula.

Sasa, nyuma ya nyumba, mkewe Hawah alikuwa akimtayarisha Medina. Kwa desturi ya Wanubi, kabila lao, bibi harusi hukalishwa juu ya shimo dogo lenye makaa na magogo ya kunukia, amefunikwa blanketi, moshi ukamkausha na kumnukisha mpaka ngozi ing'ae. Shimo lilikuwa chini ya paa la bati. Hamuza akamwona Medina akitoka pale mkavu, mkavu kabisa, katikati ya Agosti. Pale pale akaruka kwenye usukani, akarudi kinyumenyume, akauingia ua wa wanawake, jambo ambalo hata baba yake mwenye medali hakuthubutu.

Mashangazi wakatawanyika na mablanketi. Hawah akabaki peke yake, mwiko juu.

"Baba Fatumah! Hii iko nyumba ya harusi ao gereji? Wewe nataka kuoa gari?"

"Mama Fatumah, sikia kilio yangu! Bibi harusi akikosa moshi, bwana atamuoa tu. Pikapu ikikosa moshi, nani atafikisha bibi harusi Koboko?"

Ndipo sauti ya Medina ikatoka ndani: "Mama, acha iingie. Mimi hapana kwenda kwa bwana na baiskeli ya Kenyi."

Hawah akashusha mwiko. "Sawa. Lakini moshi nasimamia mimi. Wewe hapana jua moshi."

Constantino akaitwa mbio kuchomoa tangi la petroli, kabla harusi haijageuka matanga. Hawah akafukia makaa kwa majivu yasiwake, akaweka magogo, akaizungushia pikapu turubai na mablanketi. Siku mbili walipokezana: asubuhi Medina, mchana pikapu, na mashangazi waliimbia wote wawili nyimbo zile zile. Alhamisi chuma kilikuwa kikavu na moto. Hawah akamimina oili kwa birika la chai katika kila tundu la fremu, ikapenya kila kiungo. Hamuza aliruhusiwa kushika burashi.

Ijumaa mvua ilinyesha kwa hasira tangu Arua. Pikapu ikaipita Kuluba bila kulia, ikinukia udi na oili, hata mbuzi wakageuka kutazama. Ilipofika kwa bwana harusi, kabla Medina hajashushwa, Kenyi, aliyekuwa amepanda nyuma na kanzu yake safi, akatambaa uvunguni matopeni. Akapitisha kidole kwenye fremu kutoka mbele hadi nyuma, akatoka, akakiinua juu mbele ya wakwe wote.

"Nyeusi!" akapaza sauti. "Hakuna nyekundu!"

Vigelegele vikalipuka, na Medina alingoja kwenye kiti mpaka viishe. Andikeni basi, enyi mnaoandika habari za wafalme: mwaka ule, magharibi ya Nile, fremu moja haikuoza.