Mwongozo wa Mifumo Yote

Injinia hakuwahi kuingia chuo chochote, labda kupeleka barua. Cheo alijipa mwenyewe, akakizoea. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya chuo cha uhazili, akisoma karatasi mlangoni: ANATAFUTWA FUNDI. KOMPYUTA SITA. HARAKA. Mate yakamjaa. Kompyuta sita zikitoka humo kwa jina la matengenezo, nani ataziona tena?

Kwapani alikuwa na mwongozo wa kiufundi, mnene kama tofali, aliouokota jalalani. Ukurasa wa kwanza, ule unaosema mwongozo ni wa Windows au wa Linux, aliuchana kwa mkono wake. Mtu mwenye akili hajifungii riziki, jamani!

Mkuu wa chuo, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, alimkaribisha kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kitabu ni cha mfumo upi? Nasikia kuna Windows, kuna Linux, na ukichanganya umeharibu."

"Aa, mama! Hayo ni maneno ya mafundi wa vichochoroni. Hiki ni cha mifumo yote."

"Yote?"

"Hata ambayo haijatengenezwa bado."

Akafungua katikati, akasoma kwa sauti ya msibani: "'Hakikisha umeingia kama msimamizi.' Umesikia? Wewe huyo, mama! Umeandikwa kabisa."

Mama akaguna kwa heshima. "Na mashine zangu zina nini?"

"Zinaumwa. Nazijua kwa kuziangalia tu. Zilale karakana kwangu siku mbili."

Alijiandaa kubishana hadi adhuhuri, lakini mama alikubali upesi mno, mpaka Injinia akamwonea huruma. Huruma yenyewe haikudumu.

"Nipe kitambulisho nitoe nakala, kisha utie saini hapa. Utaratibu wa ofisi tu."

Karatasi ilisema amepokea kompyuta sita, nzima, na vifaa vyote vya ndani. Tamaa ilishampanda kichwani: akatoa kitambulisho cha kweli, akasaini kwa mbwembwe, akaita mkokoteni.

Mnunuzi wa vifaa vikuukuu alifungua ya kwanza, akafungua ya pili, akaweka bisibisi chini.

"Kaka, umeniletea makasha. Ndani hamna kitu."

Injinia alirudi chuoni mbio, shati limemganda mgongoni. Mama alikuwa kwenye simu.

"Njoo kesho ukague mali yako, shemeji. Chuo ni chako. Kompyuta ziko kwa fundi, zote sita, nzima. Saini yake ninayo." Akakata.

"Mama, zile ni tupu!"

"Najua. Vifaa vya ndani niliviuza mwaka jana, kidogo kidogo."

"Umenimaliza! Kwa nini mimi, lakini?"

Mama akavaa miwani, akamtazama kwa kitu kama upendo.

"Walikuja mafundi wanne kabla yako, mwanangu. Kila mmoja, hata kabla ya kukaa, aliniuliza mashine zangu zina mfumo gani, akataka kuziwasha. Nikawafukuza wote. Wewe peke yako hukuuliza."