Mvua ya Kikombe Kimoja

Siku hiyo jua lilikuwa limeamua kuwamaliza watu, na Mwenye Miavuli alikuwa mlangoni pa duka lake akipangusa vumbi kwenye bidhaa ambayo hakuna aliyeiulizia. Mtu mwingine angepita na kumwonea huruma. Mtaalamu hakupita. Alisimama ng'ambo ya barabara, akanyoosha tai, akameza mate. Duka limejaa, mwenye duka kanuna, na angani hakuna wingu hata la dawa. Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ilikuwa riziki iliyokwisha menywa.

Inafaa tuseme mapema kwamba Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa chochote. Jina alijipa mwenyewe, akalizoea, na shangazi yake, dobi aliyemhifadhi kwenye chumba cha nyuma, alimwita hivyo kila alipotaka kumkera. Elimu yake yote ya kompyuta ilitoka kwenye programu moja ya simu, zile ambazo hazikulazimishi ujue kuandika chochote: unaburuta visanduku kwenye skrini, unaviunganisha kwa mstari, umemaliza. Kisanduku hiki kinasoma hali ya hewa, kile kinatuma barua pepe. Mtoto wa chekechea angeweza. Lakini mtoto wa chekechea hana tai.

"Mzee wangu," alisema akiingia dukani, "mvua ikinyesha unauza?"

"Ikinyesha wanakuja kujikinga barazani kwangu. Ikikatika wanasema ahsante, wanaondoka."

"Kwa sababu wanachelewa kujua. Mimi nina mtambo. Mvua ikiwa bado iko njiani, wateja wako wote wameshapata barua pepe. Haulali, hauli, hauombi ruhusa ya kwenda msibani. Wewe unanilipa kwa kila mvua."

"Na isiponyesha?"

"Hunilipi hata senti. Mimi nitakulaje pesa ya mtu kwa mvua ambayo haipo?"

Mwenye Miavuli akaona amempata mjinga. Akampa anwani za wateja wake wote, akamsindikiza mpaka nje, akarudi ndani akicheka peke yake.

Sasa, mtu mwaminifu angechukua takwimu za idara ya hali ya hewa. Ubaya ni kwamba idara ilikuwa ikisema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa kwamba hakuna mvua. Mtaalamu akanunua kidude chake mwenyewe, cha plastiki, kidogo kama kiberiti, kinachopima joto na unyevu. Akakifunga juu ya paa la shangazi, mahali ambapo mtu wa uani penye kamba za nguo hawezi kukiona, akakiunganisha na visanduku vyake. Kisha akakimwagia kikombe kimoja cha maji.

Simu za mji mzima zikalia. "Ndugu mteja, mvua kubwa inakuja. Anua nguo, funga madirisha, njoo uchukue mwavuli." Hayo ya kuanua nguo aliyaongeza kwa ajili ya utamu tu.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanatembea na miavuli chini ya jua kali, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa. Aliyethubutu kutazama juu aliambiwa, "Wewe endelea kushangaa mbingu, wenzio tumeshapata ujumbe." Na kwa kuwa mwavuli ni kivuli, hakuna aliyelalamika. Jioni walikubaliana kwamba mvua za siku hizi hazina hata maji.

Mtaalamu akalipwa. Kesho yake akamwaga kikombe kingine, akalipwa tena. Siku ya tatu akafuatwa na Mama Feni, muuza mafeni wa duka la pili.

"Unamtangazia mwenzangu mvua. Mimi nitangazie joto."

"Mama, joto si lipo tayari?"

"Lipo, lakini halijatangazwa."

Hoja hiyo ilimshinda hata Mtaalamu. Akaiba pasi ya shangazi, akaipandisha kwenye paa ikiwa ya moto, akakikalisha kidude karibu nayo. Tangu hapo mji ukawa na misimu miwili kabla ya chakula cha mchana: asubuhi kikombe, saa nne pasi. Watu walikwenda kazini na mwavuli mkono wa kulia na feni mkono wa kushoto. Walipigwa pande zote mbili na bado wakajisifu kwamba hakuna linalowakuta ghafla.

Mwenye kilio alikuwa mmoja tu, shangazi. Kila ujumbe wa mvua ulipotoka, wateja walimvamia uani kuokoa nguo zao zikiwa bado zinachuruzika. Wengine waliacha kabisa kuleta. Nani afue, mvua iko njiani? Mashuka aliyoyalaza ndani yalianza kunuka uvundo, na mwenye nyumba ya wageni, mteja wake mkubwa, akatuma neno kwamba anatafuta dobi mwingine.

"Mwanangu," alimwambia Mtaalamu akiwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, na sauti haikuwa ya utani, "wiki hii ikiisha hivi nafunga kazi. Nimefua tangu nikiwa msichana. Nimewahi kuibiwa sabuni, nimewahi kuibiwa ndoo. Jua sijawahi kuibiwa."

"Pole, Shangazi. Tabianchi hiyo," alisema Mtaalamu, akaenda mjini kudai malipo yake.

Shangazi alikuwa ameitafuta pasi yake nyumba nzima bila kuiona, akapanda hadi juu ya paa. Akaikuta, na kando yake akakuta kidude kinawakawaka taa, kimelowa, na pembeni kikombe chake cha chai. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alitaka kukipondaponda kwa jiwe, ila kilionekana ni cha bei, naye si mtu wa kuharibu mali. Akashuka nacho pamoja na pasi yake, akafungua friza ya jikoni, akakisukumiza ndani kabisa.

"Kaa humo mpaka ukome umbeya."

Hapa lazima tutaje uvivu mmoja wa Mtaalamu. Programu ile ilikuja na barua za mfano, moja kwa kila hali ya hewa duniani, naye hakuzifuta zile zisizohusika. Kidude kikapoa, kikaganda, kikapeleka habari.

Saa ile ile meneja wa benki akaingia mbio kwa dobi.

"Mama, lile koti langu zito nililoliacha mwaka juzi, bado lipo?"

"Lipo. Una nini, baba?"

Meneja akamwonyesha simu. "Ndugu mteja, theluji inakuja. Vaa nguo nzito, usitoke bila blanketi."

Shangazi akaisoma. Akaitazama friza. Akamtazama meneja, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni.

"Mbona unatetemeka?" akamwuliza kwa upole, na meneja akaanza kutetemeka.

Dobi yeyote ana rafu ya nguo zilizotelekezwa. Ya shangazi ilikuwa ya ukuta mzima: makoti, masweta, mablanketi, hata pazia la ukumbi. Wenye vyao walivikomboa, wasio na chao walinunua, na aliyefika mwisho akaondoka na pazia akishukuru.

Mtaalamu alirudi mifuko imetuna na kukuta mji mzima umevaa makoti juani. Simu yake nayo ikalia. Akasoma neno theluji, akasimama katikati ya njia, akaanza kufikiri, kazi ambayo hakuwa na mazoezi nayo. Uongo wote wa hali ya hewa katika mji huu ni wangu, alijiambia. Huu sikuusema mimi. Basi huu ni wa kweli.

Akatoka mbio.

"Shangazi, limebaki nini?"

"Blanketi moja. Nimejiwekea mwenyewe, na mifupa yangu hii."

"Nakupa chochote."

"Mifupa yangu haiuzwi, mwanangu."

Akamwaga mezani mvua yote na joto lote la wiki nzima. Shangazi akaguna kama mtu anayeonewa, akampa blanketi. Mtaalamu akajifungia chumbani, akajiviringisha mpaka utosini, akalala akilowa jasho na kuapa kwamba miguu inakufa ganzi.

Shangazi akakitoa kidude kwenye friza, akakifuta vizuri kwa aproni, akakiweka kwenye meza ya kupigia pasi, karibu na pasi yenyewe, ya moto.

Haukupita muda, Mtaalamu akatoka blanketi likimning'inia mabegani, simu mkononi.

"Afadhali, Shangazi, linakuja joto. Hili blanketi sasa nikurudishie, na wewe unirudishie..."

Akakiona kidude. Akaiona pasi.

Nje kulikuwa na zogo. Mji wote ulikuwa umelowa jasho juani ndani ya makoti, na makoti yalikuwa yananuka. Meneja wa benki alikuwa mbele, wa pazia nyuma, na mwenye nyumba ya wageni katikati na mablanketi yake yote, kila mtu na furushi lake mikononi, na jua la kukaushia lilikuwa bado lipo la kutosha.

"Ulikuwa unasema turudishiane nini?" shangazi aliuliza, akikunja mikono ya gauni.

"Nilikuwa nauliza," alisema Mtaalamu taratibu, "kufua blanketi ni bei gani."

"Foleni inaanzia nje," alisema shangazi, na Mtaalamu akabeba blanketi lake, akaenda kusimama nyuma ya yule wa pazia.